Mguu wa Kulia

Mguu wangu wa kulia bado unakanyaga breki.
Mezani, mbele ya supu ya bitiruti.
Kanisani, enzi zile ningali nakwenda.
Usiku chini ya blanketi, hadi Bogna aamke na kuniambia:
"Walenty, tumeshafika. Wacha watu washuke."

Ilikuwa tramu namba kumi na nne, jijini Łódź,
kwenye kona ya kile kiwanda cha pamba kilichogeuzwa maduka,
mkesha wa Watakatifu Wote, theluji ya kwanza,
ile nyepesi isiyojua bado kama ni theluji au mvua.
Kijana mmoja, chungu cha krisanthemu kifuani,
kofia imemshuka hadi machoni.
Breki ilihitaji mita ishirini na sita.
Nilikuwa na kumi na tisa.
Chungu kilibingirika hadi ukingoni mwa njia, kikatulia wima.
Hakikuvunjika. Hilo ndilo nisilolisamehe.

Wakaniambia: piga moyo konde.
Nikaupiga. Miaka tisa nikaupiga,
nao haukunirudishia hata kofi;
uliteremka tu, ubavu kwa ubavu, goti, kifundo,
ukaenda kujificha unyayoni.

Daktari wa kwanza alinipa vidonge vyeupe.
Wa pili alinipa kiti na sikio,
nikasimulia mara kumi na moja
mpaka maneno yakawa kama kipande cha mwisho cha sabuni,
kinateleza, hakitoi povu.
Mguu haukusikiliza. Mguu hauna masikio.

Halszka anapokea watu juu ya duka la fundi miavuli.
Hana kochi. Ana zulia la vitambaa chakavu
na dirisha linalovuja baridi.
Alitangulia yeye kuvua viatu, soksi moja ina tundu,
akasema: "Leo usinisimulie. Uulize mguu."
Nikacheka. Mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi;
nimeuliza mameneja, nimeuliza mawaziri,
sijawahi kuuliza mguu.

Akakunja blanketi, akaliegemeza ukutani.
"Sukuma. Polepole. Leo unazo mita zote uzitakazo."

Nikasukuma.
Kwanza, hakuna kitu. Kisha kidole gumba kikapata moto,
muundi ukatetemeka, paja likakaza,
tumbo likajikunja kama mtu aliyeitwa jina lake gizani,
meno yakagongana,
na ikatoka sauti: si kilio, si neno,
ni chuma juu ya chuma,
ile sauti ndefu ambayo siku ile tramu ilinililia
kwa kuwa mimi sikupata nafasi.
Huko chini fundi miavuli akazima redio.

Nilipokwisha kushusha pumzi (na zilikuwa nyingi, za miaka)
nilihisi kiganja chake kisiginoni.
Hakunipapasa. Alikishika tu,
kama mtu anavyoshikilia mlango ili mwenye mzigo apite.
"Na roho iko wapi?" akauliza.
Nikasema hayo ni ya padri.
"Basi usiniambie mimi. Lakini iko wapi?"
"Ilishuka kituo kile," nikasema. "Haikupanda tena."

Mwaka huu nilikwenda makaburini kwa tramu, abiria, kiti cha nyuma.
Pale konani mguu ulikanyaga; nusu tu.
Mishumaa ilikuwa maelfu, ndani ya glasi nyekundu, nyingine buluu,
na kaburi lake sikulipata. Hata hilo nilishindwa.
Nikasimama mbele ya msalaba wa mtu nisiyemjua,
nikaitafuta sala ya marehemu, nikakuta pengo.
Miaka tisa. Hata neno la kwanza.
Ndipo magoti yakaenda chini yenyewe, matopeni,
bila kuniomba ruhusa,
na mdomo ukayafuata,
na nyuma ya mdomo, kikichechemea, kikihema,
kitu kingine kikapanda.

Jana mezani mguu ulikanyaga breki tena.
Bogna akaweka wake juu ya wangu,
chini ya kitambaa cha meza,
akaendelea kunywa supu.