Mtu Mpya

Saa tano usiku. Stima imerudi,
na mwenyekiti, Bwana Gachanja, ameuliza tena kwa simu:
"Katibu, umefunga?"

Sijafunga. Nimekaa mbele ya skrini
na chai iliyokwisha kushika utando,
nakodolea visanduku vitupu.
Mtu mpya: aone? Aandike? Alete wenzake?
Juu yake pameandikwa chaguo-msingi.
Neno hili hunichekesha.
Chaguo la siku ambayo hakuna aliyechagua,
msingi unaomwagwa kabla hujajua
nani atalala ndani ya nyumba.

Hapa Buruburu tuna milango sitini na miwili,
geti moja, na kitabu cha Lusweti.
Lusweti huandika kwa kalamu iliyofungwa uzi:
jina, kitambulisho, nyumba gani, saa ya kutoka.
Saa ya kutoka hubaki wazi karibu kila mstari.
Kwa kitabu hicho, nusu ya Nairobi bado imo humu:
fundi wa choo wa mwezi wa tatu,
mashangazi wa harusi ya akina Ojwang',
kijana wa gesi,
kaka yake kijana wa gesi.

Mwaka jana tulikuwa wazi vivyo hivyo.
Mutheu akatuaga kwa nia njema, nasafiri Ijumaa,
na mwanamume aliyemkimbia Kitengela
akayasoma hayo kwa jina la kuazima,
akamsubiri kwenye kona ya duka la dawa.

Ndiyo maana Januari nilikuwa mkali.
Nikaondoa tiki zote.
Mtu mpya asione kitu
mpaka mwenye nyumba amdhamini.
Gachanja akanipigia kunisifu.
Tukalala salama, sisi wenye hati.

Kisha Alhamisi ile
bomba la majitaka likapasuka karibu na kisima.
Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi niliandika:
MSINYWE. MSIPIKIE. TUNAPIMA.
Nikatazama idadi ya waliosoma ikipanda,
thelathini, arobaini na moja,
nikajiona nimefanya kazi.
Waliosoma walikuwa ofisini, Kisumu, Doha.
Waliokuwa jikoni hawakuwa na ruhusa.

Kavindu wa namba thelathini na tisa
amelea watoto wawili katika korti hii,
anajua ni paka wa nani na ni deni la nani,
lakini mle ndani alikuwa bado mtu mpya,
mwaka mzima anangoja kudhaminiwa.
Alimpa mtoto maji ya mfereji, naye akanywa.
Siku nne wodini, kitanda kimoja wote wawili.
Nilipokwenda kuwaona alisema bila hasira
(hasira ningeiweza):
"Mimi nikifungua, naona tu kufuli."

Leo nimejisajili upya, jina: Mtu Mpya.
Nikabisha. Skrini ikanijibu kwa adabu zote:
Karibu. Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sawa. Ila hawakutuambia
mgeni wa miaka sita apewe nini,
ambaye jembe analo tangu siku ya kwanza.

Natia tiki. Maji: aone.
Stima, ugonjwa, moto: aone, yeyote, hata wa jana.
Nani anasafiri, nani yuko peke yake:
asione mtu, hata mwenyekiti.
Aandike?
Hapo kidole kinasita. Gachanja atapiga simu kabla ya chai ya asubuhi.
Natia tiki, natoa, natia.

Nje geti linagongwa.
Namsikia Lusweti akiuliza jina,
akitikisa kalamu, akiitemea mate, akiitikisa tena.
Imegoma.
"Pita tu," anasema. "Nitakukumbuka."