Bolti ya Saba

Ipole, saa tisa alasiri. Mashine ya kusaga imenyamaza siku ya nne.
Ndoo zimepanga foleni mlangoni, wenyewe wamekaa nyuma yake,
na Kasanda mwenye mashine anazunguka na funguo mfukoni,
anazichezesha kama mtu anayedaiwa.
"Milembe, kaza, watu wasage."

Kaza. Neno dogo.
Fundi aliyenitangulia alilisikia hilo tu, akalitii:
akachomeka bomba la mita moja kwenye spana, akaning'inia,
akakaza kwa kifua, akakaza kwa hasira ya ujira uliopunjwa,
tena akaanzia pembeni.
Hedi ikapinda. Maji yakaingia kwenye oili,
oili ikawa chai ya maziwa.

Mimi nimeanza kwa kufuta.
Tundu moja moja, kitambaa kwenye ncha ya njiti ya baiskeli,
maana oili ikinaswa chini ya bolti haina pa kwenda
ila kuipasua bloku,
na bloku haishonwi.
Hedi imetoka kuchongwa mjini. Nimelaza rula juu yake,
nikachutama, nikatafuta mwanga katikati. Haupiti.
Stadi mbili za mwisho nimeziingiza kwa vidole
hadi zilipokataa zenyewe.
Nikacheka peke yangu: chuma kinaitwa stadi,
na mwenye kukishika je?

"Unazipaka mafuta kama watoto wachanga," asema Kasanda.
Ndiyo. Hesi kavu ni mwongo:
spana itasoma themanini, kumbe nusu ya nguvu
imeliwa na kutu njiani.

Raundi ya kwanza, arobaini.
Kutoka katikati, kushoto, kulia, ng'ambo, huku,
kama anayetandika mkeka
akiisukuma mikunjo ikatokee ukingoni.
Tak.
Raundi ya pili, themanini. Mvuto mmoja, bila kushtua.
Tak.
Ya tatu, mia na kumi.
Moja, tak. Mbili. Tatu. Nne, tak. Tano. Sita, tak.

Saba inakuja.
Inakuja tu, laini, kama ugali usioiva,
spana inazunguka nami nasubiri mlio
na mlio hauji.

Hapa ndipo mkono hutaka kuongeza.
Mwaka juzi, Cheyo, niliongeza.
Ikakatikia ndani. Siku mbili nikaichokonoa
huku mwenye Fuso akinitazama bila neno.
Hilo neno lake bado nalisubiri.

Nimeacha.
Nimelegeza zote, sasa kutoka nje kurudi kati,
kidogo kidogo, nikaitoa ya saba,
nikaisimamisha kwenye kigoda kando ya mwenzake:
imeizidi kimo kwa unene wa ukucha.
Shingo imekonda. Meno ya hesi yameachana.
Ilivutwa siku ile ya bomba, ikanyamaza,
ikaendelea kubeba.

"Kesho," nasema. "Basi la asubuhi lilete mpya kutoka Tabora.
Zote kumi, si hii peke yake."
"Moja ndiyo mbovu!"
"Moja ndiyo imesema."

Kasanda anatupa funguo kwenye pumba.
Mama Doto anainuka, anajipangusa, anachukua ndoo yake.
"Kinu ninacho," anasema,
si kwangu, si kwake.
Wengine wanamfuata, ndoo kichwani, na hakuna anayeniaga.

Nimefunika bloku kwa turubai, vumbi lisiingie.
Nimefuta spana, nimerudisha kipimo chake sifuri,
nimeilaza kwenye kipande cha blanketi.
Kisha giza, na michi ikaanza:
kwa Mama Doto, nyuma ya zahanati, ng'ambo ya barabara,
kila mmoja na mwendo wake,
tu, tu, tu,
Ipole nzima inatwanga kwa ajili yangu.

Bolti ya saba iko mfukoni, bado ina joto la mkono.
Sioni haya.
Naona kidogo.