Jina Halijulikani

Saa nne usiku, Kadutu. Umeme umerudi
kama mgeni asiyevua viatu.
Nabintu anafungua dirisha jeusi.
Vishale vitatu vinangoja: sema.

Anasema mstari mmoja. Linajibu.
Anasahau mabano, linamkemea, anarudia,
mshale wa juu, futa, badilisha, ingiza,
ndivyo mama anavyonunua sambaza kwa jumla:
taja, kataliwa, taja tena,
hakuna anayeandika hotuba nzima kwanza.

Deni la Mwamini, franga elfu sita.
Deni la Cibalonza, elfu kumi na nne,
toa beseni moja lililooza.
Jumlisha. Namba inatokea,
na mama anasogeza mshumaa aione vizuri,
ingawa kioo kina mwanga wake.

Kisha pu! Ruzizi imechoka tena.

Usiku wa manane, umeme uliporudi,
akaandika: deni.
Likajibu: jina hili halijulikani.

“Halijulikani?” Mama akacheka hadi kitenge kikamlegea.
“Basi wamesamehewa wote. Nikawaambie?”
Halafu akakaa, akafumba macho,
akaanza kuyataja upya, beseni kwa beseni,
hata la marehemu Bisimwa,
ambalo mara ya kwanza hakulisema.

Safari hii Nabintu amefungua faili kando.
Kila mstari ukikubali, anauhamishia huko,
anahifadhi.

La Bisimwa analijaribu kwenye dirisha jeusi tu.
Linajibu.
Analiacha humo.