Safu Isiyo na Kichwa

Fomu ina nafasi tatu za kujaza.
Mwisho ni Ijumaa, saa sita usiku,
na mtambo wa chuo hauna soni:
ukichelewa dakika moja umechelewa mwaka.

Kinga, mwenzangu wa chumba, alijaza yake
kwa muda wa kuchemsha yai.
Lizboni. Malaga. Palermo.
"Nakwenda kusomea jua," akasema,
akapaka mkate siagi.
Sikumlaumu. Hapa Katowice, ikifika Novemba,
anga hushuka ikakaa mabegani mwa watu
na tramu huwasha taa saa tisa alasiri.

Mimi nina daftari. Nimelipiga safu:
kodi ya chumba, bei ya mkate, lugha ya mihadhara.
Tartu, kule Estonia, yuko profesa
anayechunguza matope ya chini ya maziwa,
tabaka kwa tabaka, miaka elfu kumi.
Nilimwandikia kurasa mbili.
Akajibu: "Njoo na buti za mpira."
Hakuna chuo kingine kilichoniambia nije na kitu.

Lakini safu ya mwisho sikuipa kichwa.
Ina saa tu.
Lizboni, ndege mbili, saa tisa.
Tartu, basi, kusubiri Vilnius, basi tena: saa ishirini na mbili.
Brno, basi moja. Saa tatu.

Baba alichimba makaa miaka ishirini na saba.
Yale ambayo kampuni ilisahau kuyauza
yamo bado mapafuni mwake.
Akianza kukohoa alfajiri
jirani wa juu huinjika kahawa.

Jumapili akalikuta daftari mezani.
Nilikuwa namenya viazi.
Alisoma taratibu, kidole kikishuka
kama alivyokuwa akikagua nguzo za handaki,
kikafika pale, kikasimama.

"Kuna nini Brno?"
Kuna maktaba nzuri, nikasema.
"Kuna nini Brno, Jagoda?"
Nilikuwa nimemaliza viazi.
Nikaendelea kumenya, sijui nini.

Akavua miwani.
"Tafuta jina langu humu," akasema.
"Lizboni, nimeliona. Tartu, nimeliona.
Mimi simo kwenye orodha.
Usinichague."

Kisha kikohozi kikamshika, kirefu,
kama shahidi aliyekuja kumkanusha,
nasi tukakingoja kwa adabu
jinsi watu wanavyongoja treni ipite
ndipo warudi kwenye maneno yao.

Kilipopita aliuliza habari za matope.
Nikamweleza: kila mwaka ziwa hujiwekea tabaka mbili,
jeupe la kiangazi, jeusi la baridi,
wembamba wake kama ukucha.
Ukijua kuhesabu, utaujua mwaka wa njaa,
mwaka wa moto msituni,
mwaka ambao barafu ilikataa kuondoka.

Alinyamaza muda.
"Miaka ishirini na saba nimo humo humo," akasema,
"na hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nasoma."

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini, nilijaza.
Ya kwanza, Tartu.
Ya pili niliandika Brno. Ushujaa wangu uliishia hapo.
Ya tatu, Lizboni, kwa ajili ya Kinga,
aliyekuwa amelala na taa inawaka.

Jumamosi baba alipanda ngazi za bweni,
ghorofa nne, akipumzika kila ghorofa;
nilimsikia tangu ya pili.
Mkononi mfuko wa plastiki,
ndani buti zake za mgodini, zimeoshwa,
zimepakwa mafuta hadi kwenye mishono.

Saizi arobaini na nne.
Mimi navaa thelathini na nane, nikamwambia,
na majibu ya chuo bado.

"Soksi," akasema, akatafuta mahali pa kukaa.