Akrabu na Ulimi

Mimi ni fundi saa, Oli, mjini Arua.
Meza yangu inatazamana na wauza mihogo mikavu.
Nilirithi kibano cha baba na lenzi yake ya jicho moja;
mdogo wangu Swadik alirithi miguu,
ya nani, hatujui. Baba alichechemea.

Siku ya kwanza alipopiga simu kutoka Urugwai
hakuitaja baridi,
wala kocha aliyemkagua kama anayenunua punda.
Alisema: "Dada, huku saa zinasema kweli.
Akrabu imesimama kwenye tatu,
na ni saa tatu."

Nikatazama saa zangu kumi na moja mezani.
Zote zilielekeza tisa,
nami, kama mama, kama bibi yake mama,
nilikuwa nimekwisha mwambia mteja ni saa tatu usiku.
Maisha yote tumezisoma saa kwa kuzipinga,
akrabu ina lake, ulimi una lake.
Ilibidi mtoto avuke bahari
kuiona nchi ambamo wawili hao wamepatana,
ila kwake jua lilikuwa bado juu ya uwanja,
na kwetu popo walikuwa wameshatoka.

Mji wake una kiwanda cha nyama ya mkebe,
mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa,
na timu ya daraja la pili.
Jezi yake waliiandika SUADI.
Ile K nadhani ilizuiwa Entebbe pamoja na samli ya mama.
Mashabiki walimwita Mkenya.
Msimu wa kwanza aliwasahihisha.
Msimu wa pili aliitika.

Mechi tuliyoitazama ni moja tu,
vichwa tisa juu ya simu ya jirani.
Swadik akapokea mpira, akamgeuza beki,
akainua mguu wa kulia,
na hapo bando likakata.
Mguu hewani. Mpira hewani.
Kiduara kidogo kinazunguka juu ya goti lake.
Jirani akakimbilia kununua lingine.
Mama akasema, "Ya nini? Muacheni hivyo hivyo."

Mabao saba, kisha mawili, kisha goti.
Nayasema haraka maana ndivyo yalivyokwenda.
Wakala, aliyemtumia mama salamu za Idi kila mwaka
na picha ya ngamia aliyevaa miwani,
akabadili namba.
Klabu ikamkopesha kwa klabu ya chini,
ile ya chini kwa nyingine ambayo hata Swadik
hutaja jina lake kama anayekohoa.
Mshahara wao huja nusu fedha, nusu mikebe.

Lakini mabati haya ni yake.
Meno ya mama ni yake, anayafunua makusudi msibani.
Na mtu akisema sokoni kwamba yule kijana wenu
angebaki hapa angekuwa mtu,
nampimia bei ya betri mara mbili.

Siku hizi hupiga asubuhi, mama akipuliza mkaa.
"Saa moja, dada."
"Saa moja, Swadik."
Mimi siongezi "ya asubuhi," yeye haongezi "ya usiku."
Lakini mimi ni fundi.
Najua mtu mwenye mazoezi kesho yake
hayuko macho saa saba baada ya jua kuzama,
akiuliza bei ya sukari.

Jana aliuliza habari za uwanja wa Barifa:
lile goli la upande wa msitu,
lililoinama kushoto, tulilomfunga nalo mbuzi wa shangazi,
bado limeinama?
Alijifunzia hapo kupiga mpira wa kupinda,
kulifuata goli lilikoegemea.

Walilinyoosha mwaka juzi, wakalipaka rangi nyeupe.
Nikamwambia, "Bado."
Akacheka, akanyamaza,
nikasikia nyuma yake saa ya ukutani,
ya bei nafuu, sauti ya plastiki,
inachelewa kidogo.