Beji ya Kijani

Kifurushi changu ni kidogo, mistari mia mbili haitimii.
Kazi yake moja: kuzitoa saa kwenye kompyuta
na kuzirudisha nyumbani,
asubuhi ianze na moja, si na saba.
Nikakitoa bure, msimbo wazi,
kama kata ya maji mlangoni: apitaye na anywe.

Kisha nikataka kujua nani kanywa.

Nikaandika hati iamke yenyewe saa nane za usiku
kwenye mashine iliyo chini ya kitanda,
Mabibo yote kimya ila jenereta la gesti,
ihesabu waliopakua, ichore beji ya kijani,
iibandike juu ya maelezo kama medali kifuani,
mimi nakoroma.

Mwezi wa kwanza, arobaini.
Wa pili, mia tisa.
Nikamwonyesha dada Mwanahawa, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi.
"Mia tisa ndiyo shilingi ngapi?"
"Si shilingi. Ni watu."
"Basi wasije leo, wali hautoshi."

Pendael ndiye aliyefungua kumbukumbu za seva.
Alicheka mpaka soda ikamtokea puani.
Kila niliporekebisha koma,
majaribio yangu yaliamka katika vyumba tisa
na kila chumba kikapakua upya.
Hata hati ya beji, kabla ya kuhesabu, ilipakua kwanza.
Nilikuwa najipigia makofi
kwa mikono ya bati.

Tukatoa, tukatoa.
Wakabaki kumi na mmoja.

Juzi mmoja wao kaandika. Sikudhani,
wa duka la dawa, Mbagala Rangi Tatu.
Anachapa vikaratasi vya dozi:
"Kaka, ikigonga saa sita usiku
programu yako inaandika tarehe ya jana.
Kuna mama kaniuliza,
mwanangu anywe, au alishakunywa?"

Nikakaa kitako.
Kosa lilikuwa alama moja: *ndogo kuliko*
pasipo kijistari cha usawa chini yake.
Nikakiweka. Nikatuma.
LUKU ikaanza kulia, uniti mbili,
nami mfukoni nina nauli tu.

Saa nane hati haikuamka; mashine ilikuwa gizani.
Asubuhi beji imegeuka kijivu:
*waliopakua: haijulikani.*

Umeme umerudi tangu jana. Sijaigusa.
Nangoja Sikudhani aniambie
kama saa sita ilipita salama.