Kidato Gani?

Miezi saba nilikuwa na mishororo miwili:

*Mvua ilipoanguka, ilitukuta njiani,*
*Jiji likatufunika, kwa matope miguuni,*

kisha kimya.
Wa tatu ulikataa. Nilihesabu mizani kwa vidole mezani
hadi mke wangu akadhani nina deni jipya.
Nilibadili kalamu. Nilibadili kiti.
Nilihamia dirisha la jikoni, lile linalotazama
nguo za majirani wa Umoja zikikauka,
chai ikaganda utando,
na kila neno nililoliita
lilikuja limevaa shati la kuazima.

Basi Jumamosi moja ya Januari nikaamua kuacha.
Mtu akiacha, sharti apate mahali pa kuachia.
Nikashuka Kamukunji kutafuta sanduku la bati:
makaratasi ndani, kufuli juu,
ufunguo nimpe mtoto, apoteze.

Kule nyundo hazipokezani zamu.
Pipa lililoingia na mafuta
linatoka likiitwa karai.
Wazazi wamejaa, orodha za shule mkononi:
godoro, ndoo, sanduku moja, kufuli mbili.

Syombua alikuwa amekalia debe,
aproni ya gunia, penseli sikioni
(mahali ambapo yangu haijakaa tangu Juni).

"La kuweka nini?"
"Karatasi."
"Ngapi?"
"Sijui. Hazijaisha."

Akanitazama jinsi fundi anavyomtazama
mteja aliyekuja bila vipimo.
"Chukua hili basi. Limebonyea, nitakupunguzia."

Nilidhani atagonga pale palipobonyea.
Aligeuza sanduku kichwa chini, akaingiza mkono,
akagonga kutoka ndani,
upande ambao hakuna atakayeuona,
vipigo vidogo vidogo, bila hasira,
huku akimsimulia jirani bei ya unga.
Bati likarudi. Si lote.
"Hilo kovu halitoki," akasema. "Lakini litafunga."

Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.
"Mwandishi wangu wa majina hajafika leo.
Andika mwenyewe."

Mkono ulinitetemeka, naapa.
W. MAKOKHA.
Ile O ya kwanza ikachuruzika hadi ukingoni.

"Na kidato?"
"Kidato?"
"Wote huandika, la sivyo linapotelea bwenini. Kidato gani?"

Nina miaka arobaini na sita. Nina mvi,
nina kitambi cha kukaa nikisubiri.
Nyuma yangu mama mmoja na binti yake mrefu
walishaanza kusonya.

Nikaandika: 1.

Nililibeba kwa miguu kuelekea Muthurwa,
likinigonga goti, rangi mbichi ikinila suruali.
Bomba lilikuwa limepasuka, njia nzima imegeuka uji.
Wale wawili walikuwa wamenipita,
sanduku lao jipya kichwani kwa mama,
binti amevua viatu vyake vyeusi vya shule,
ambavyo hata havijaona darasa,
amevinyanyua juu kama kuku wa kuuzwa,
na wote wawili wanacheka, wanacheka tu,
matope mpaka kwenye ndama za miguu.

Nikaketi juu ya kidato changu.
Nyuma ya risiti ya Syombua:

*Viatu tukavishika, tukacheka mitaani,*

Si mshororo wa kumtoa mtu machozi.
Ukiupapasa utalisikia kovu.
Lakini unatembea.

Kufuli sikununua.
Sanduku liko chini ya dirisha, wazi,
na mke wangu, bila kuniuliza,
ameanza kuweka vitunguu upande mmoja.
Wa nne bado. Usiku nikiwa peke yangu
naugeuza kichwa chini, naingiza mkono,
nagonga.
Makaratasi yote yananuka vitunguu.